Utepe wa Jicho la Elfu Moja

Nchi yetu kwa sasa haina jina. La zamani tulilifuta, na jipya tumepewa na wafadhili. Wanaolijua wanasema ni zuri sana, lakini halijakatiwa utepe, kwa hiyo hairuhusiwi kulitamka. Ukipiga simu kutoka nje, sema tu unaitaka nchi ile. Watakuunganisha.

Sheria yenyewe ni fupi, hata mimi niliyeishia darasa la tano naielewa. Kitu cha msaada hakiguswi mpaka aliyekitoa aje mwenyewe akikatie utepe. Anayekigusa kabla amemvunjia mfadhili heshima, na adhabu yake ni miaka mitano. Sheria hii imetujengea mahusiano mema sana. Pale Mto Kisiki kuna daraja la chuma, jekundu, huu mwaka wa nne. Utepe bado upo. Watu wanavuka chini yake, maji yakiwa kifuani, na kila anayefika ng'ambo hugeuka akalipungia daraja mkono kwa shukrani. Soko la Mabanzi lilipoungua, gari la zimamoto lilikuwa hatua mia tu kutoka pale, jipya, limejaa maji, lina utepe wa bluu puani. Wazimamoto walijipanga mbele yake, kofia kifuani, mpaka soko likaisha. Mfadhili wa gari aliposikia aliguswa mno na nidhamu yao, akatuletea gari la pili.

Nalo lina utepe.

Mimi ni Shigela, na kazi yangu ni kuzifunga tepe hizo. Nimeajiriwa na Jumuiya ya Mwanga kwa Wote, ambayo haitafuti faida, inatibu macho. Tupo wafanyakazi arobaini na mmoja. Arobaini tupo Kitengo cha Mahusiano Mema na Wafadhili: waandishi wa barua za shukrani, wapiga picha, wapiga ngoma, wapaka chokaa mawe ya bustanini, mama mmoja wa vigelegele, na mimi. Yule mmoja aliyebaki ni Daktari Songoro. Huyo anatibu macho.

Msidhani kufunga utepe ni kazi ya mchezo. Fundo linatakiwa lipendeze, na lisifunguke kwa upepo, maana mfadhili akifika akakuta utepe uko chini anaona amedharauliwa. Fundo langu lina masikio mawili na ncha mbili. Ukivuta ncha ya kushoto linazidi kukaza. Ukivuta ya kulia linaachia lote. Siri hiyo sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ajira yangu.

*

Kila Jumatatu Mkurugenzi wetu, Bwana Evaristi Katundu, alitukusanya uani kutukumbusha falsafa ya kazi. Alikuwa na sauti nzito na kitambaa cheupe cha kujipangusia jasho la hotuba.

"Mgonjwa ni mgeni," alisema Jumatatu moja. "Anakuja haoni, anaondoka anaona, humpati tena. Mfadhili ni ndoa. Nani kati yenu anamwacha mke ndani akakimbizane na wageni?"

Tukasema hayupo.

Daktari Songoro akainua mkono. "Mkurugenzi, dawa ya matone inakaribia kwisha."

"Daktari, tupo kwenye ndoa hapa."

"Nimeelewa. Lakini matone…"

"Ndoa, Daktari!"

Mama wa vigelegele akapiga vigelegele, kwa sababu alisikia ndoa mara mbili.

*

Dada yangu Nyamizi ni fundi cherehani. Mama alitutoka nikiwa sijaota meno ya ukubwani, na dada ndiye aliyenilea, mguu wake ukiwa kwenye pedeli tangu asubuhi. Baadaye ukungu ulimwingia machoni. Jicho la kushoto likafa kabisa. La kulia likabaki na ukungu ule wa mtoto wa jicho, ambao Daktari Songoro anautoa kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Miaka sita dada alikaa nyumbani akisubiri kikombe hicho cha chai, kwa sababu kwetu ndugu wa wafanyakazi hutibiwa mwisho. Mkurugenzi alisema ndugu wa mfanyakazi hapendezi kwenye ripoti, anaonekana kama amejuana na mtu.

Zamu yake ikafika, Jumanne. Nilisubiri mlangoni. Daktari akatoka anacheka, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Shigela, limetoka safi. Kioo cha ndani kimekaa pale pale. Atatunga sindano huyu, atakushonea suti."

"Mungu akubariki, Daktari."

"Sikiliza. Kesho asubuhi nafungua bandeji, tunaanza matone. Kesho, siyo keshokutwa. Jicho likifungiwa na uchafu, usaha ukaingia ndani, hakuna mtu wa kulirudisha. Na dada yako hana jingine."

Nikamwambia kesho ni kesho.

Sasa, tatizo lilikuwa namba. Mchana ule alikuja Bi. Perpetua, Afisa wa Tepe wa Wilaya, kutoka Wizara ya Shukrani na Mapokezi. Kila Jumanne alikuja na daftari lake kuhesabu macho. Alihesabu, akarudia, akavua miwani.

"Mkurugenzi," akasema, "hili jicho la huyu mama ni la elfu moja."

Mkurugenzi akakaa.

"La elfu moja si jicho tena," Bi. Perpetua akaendelea. "Kwa kifungu cha nne, ni mradi uliokamilika. Na mradi ukizinduliwa bila mfadhili ni wizi."

"Lakini limekwisha fungwa bandeji," akasema Daktari Songoro.

"Ndiyo maana nasema," akajibu Bi. Perpetua, anampa pole kwa uelewa wake mdogo. "Bandeji ni nyeupe. Nani amewahi kuona utepe mweupe?"

Nikaitwa. Mkurugenzi alinikabidhi utepe mwekundu wa satini, mpana wa vidole vinne, akaniwekea mkono begani. "Shigela, leo unafunga utepe wa maisha yako."

Niseme ukweli. Nilifunga vizuri. Dada alikuwa bado amelewa dawa, amekaa kitini, kichwa kimeinama. Nikapitisha utepe juu ya bandeji, juu ya masikio, nikapiga fundo kisogoni, nikayanyoosha masikio yake mawili yakasimama kama ya sungura. Kisha nikarudi nyuma hatua mbili kutazama. Nilisikia fahari.

*

Mfadhili alikuwa afike Jumatano saa tatu. Saa tatu ngoma zikapigwa, saa sita zikanyamaza, saa nane ikaja taarifa kwamba amekwama kwenye mkutano wa mataifa kuhusu madhara ya ucheleweshaji, na mkutano umeongezewa siku.

Daktari Songoro alikuja na chupa ya matone na mkasi. Mlangoni akamkuta askari. Askari huyu aliletwa na Bi. Perpetua kulilinda jicho, na alipewa risasi tatu, akasaini.

"Nipishe," akasema Daktari.

"Una kibali cha kukata?"

"Mimi ndiye niliyempasua!"

"Kupasua ni kupasua. Kukata utepe ni cheo."

Dada akasema kutoka ndani, "Afande, kaa tu kwenye kiti upumzike. Halikimbii hili."

Kamati ikaitwa. Ilikaa saa tano, na chakula kikaletwa mara mbili. Ikaamua kwamba haki ya mgonjwa kupata dawa ni takatifu, kwa hiyo matone yatatolewa mara nne kwa siku, ila yatawekwa juu ya utepe, yashuke yenyewe. Daktari Songoro akauliza kama wote wamerogwa, au kuna mmoja aliyeponea anayeweza kumsaidia kuongea. Swali hilo likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Alhamisi asubuhi alihamishiwa kikundi cha ngoma. Mkurugenzi alieleza kwamba daktari ana hasira mabegani, na hasira ya mabegani, ikisimamiwa vizuri, inapendeza sana mbele ya wageni. Akafungwa njuga miguuni.

Mfadhili hakuja Alhamisi.

*

Ijumaa nilimpelekea dada uji. Utepe ulikuwa umeloa matone, rangi yake imeanza kumchuruzikia shavuni. Askari alikuwa amekwenda kula.

"Shigela, ni wewe?"

"Ni mimi, Dada."

"Linapiga humu ndani kama mtu anagonga mlango. Na kuna harufu. Unaisikia?"

Nilikuwa naisikia tangu mlangoni. "Ni dawa hiyo," nikasema.

"Mimi si mtoto. Mfadhili yuko wapi?"

"Anakuja kesho."

"Jana ulisema kesho."

"Kesho hii ni ya kweli."

Akacheka kidogo. "Basi hii iwekee alama, tusije tukaichanganya na zile nyingine."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ncha ya kulia ilikuwa inaning'inia shingoni kwake, urefu wa kidole. Niliishika. Ilikuwa laini. Nikafikiria miaka mitano, nikafikiria kazi yangu, nikafikiria chumba ninachokaa, ambacho ni cha Jumuiya. Viatu vya askari vikasikika barazani. Nikaiachia ncha, nikayanyoosha masikio ya fundo, kwa sababu moja lilikuwa limelala.

"Ulikuwa unafanya nini huko nyuma?" dada akauliza.

"Nakuweka vizuri."

"Haya," akasema.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi. Sikutaka kuonekana mbaya, kwa hiyo nilipiga hodi mara tatu.

"Mkurugenzi, jicho la dada linaoza."

Sikuamini kwamba nimesema hivyo. Wala yeye hakuamini. Alifunga mlango, akakaa, na kwa mara ya kwanza akaongea kwa sauti ya kawaida.

"Unadhani mimi sina dada, Shigela? Unadhani silali nikiliwaza jicho hilo? Lakini tazama. Tukilifungua, atafika, atakuta tumesherehekea bila yeye. Ataudhika. Atakwenda nchi nyingine, zipo tele zenye vipofu, na zina ngoma kuliko sisi. Hapo tumeokoa jicho moja, tumepoteza elfu moja yanayokuja. Piga hesabu mwenyewe."

Nilipiga. Nilijua hesabu ile ina kosa, ila sikujua liko wapi. Nikamwambia asante, nikatoka.

*

Mfadhili alifika Jumapili.

Nilitegemea jitu. Alikuwa mtu mwembamba, pua imeungua jua, anabeba begi lake mwenyewe na hataki kunyang'anywa. Alisalimia kila mtu, akawapa mkono hata walinzi. Alipofika kwa wacheza ngoma alimshika mkono Daktari Songoro, na Daktari akamwambia jambo kwa lugha ya mfadhili, haraka haraka, njuga zikilia. Mkurugenzi akaingia katikati, akamweleza mfadhili kwamba mcheza ngoma huyu amepagawa na mizimu ya furaha. Nilielezwa hayo baadaye na mpiga picha, ambaye lugha hiyo anaijua.

Hotuba zilikuwa saba. Bi. Perpetua alisema kwamba jicho ni dirisha la taifa. Mkurugenzi alisema kwamba kuna waliozaliwa na macho wasiione shukrani, na kuna wasio na macho walioiona tangu mbali. Watu wakapiga makofi. Dada alikuwa amekaa jukwaani kwenye kiti cha maua, amevalishwa gauni jipya, ameshika magoti yake kwa nguvu, jasho linamtiririka, na haikuwa siku ya joto.

Mkasi uliletwa juu ya mto wa hariri. Mfadhili akakata.

Utepe ukaanguka, bandeji ikatolewa. Jicho lilikuwa limevimba kama jipu, na lilikuwa likitoa maji ya manjano. Mfadhili akarudi nyuma. Akamgeukia Mkurugenzi, akauliza kitu. Lugha yake siijui, lakini sura ya mtu anayeuliza hii ni nini haitaki mkalimani.

Mkurugenzi akamjibu kwa upole, kisha akageukia watu. "Mfadhili wetu anauliza ni machozi gani haya," akatangaza. "Nimemwambia ni ya shukrani. Yamesubiri siku tano!"

Vigelegele vikapasuka. Mfadhili akatazama huku na huku, watu wote wanacheka na kupiga makofi, na nilimwona anaanza kuamini, pole pole, kama mtu anayeambiwa na kijiji kizima kwamba njia ni hii.

Bi. Perpetua hakutaka mashaka yabaki. Aliinua karatasi ya ratiba. "Kipengele cha tisa! Mnufaika, ambaye kwa taaluma ni fundi cherehani, atatunga uzi kwenye sindano mbele ya mgeni rasmi!"

Nilijua dada haoni kitu. Nilijua sasa hivi wote watajua, na mfadhili atajua, na nusu yangu ilisema afadhali.

Dada alipewa sindano na uzi mweusi. Alilowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akaisokota kwa vidole, akainua sindano mpaka karibu na mdomo. Uzi ukapita. Mara moja tu, hakubabaika. Akauvuta, akapiga kifundo mwishoni, akaiinua sindano juu watu waione.

Mfadhili alivua miwani akalia. Nilihesabu watu wanne waliozimia kwa furaha, wawili kati yao waliajiriwa kwa kazi hiyo. Pale pale Mkurugenzi akatangaza kwamba mfadhili ametoa macho mengine thelathini, na kwamba safari hii atayakatia utepe yote kwa mkono wake.

*

Watu walipotawanyika, Daktari Songoro alimwingiza dada chumbani, njuga bado miguuni. Akawasha tochi ndogo, akaisogeza karibu na jicho.

"Mama, unaiona tochi?"

"Ipi, mwanangu?"

Daktari akaizima. Alikaa kwenye stuli, na njuga zikalia zenyewe. Alilisafisha jicho, akalitia dawa, akasema sasa dawa ni ya kuzuia usaha usimpande kichwani tu.

Nilimwongoza dada nyumbani kwa mkono. Njiani nikamwuliza, "Dada, sindano uliitungaje?"

"Kwa ulimi na vidole. Miaka sita vifungo vya shati lako nilikuwa naviona?"

Nikatazama shati langu. Vifungo vyote vilikuwepo. Sikuwahi kujiuliza nani alikuwa akivishona.

"Na kwa nini ulitunga?" nikasema. "Ungeidondosha tu. Wangejua."

"Walikuwa watu wengi, Shigela. Nikaona haya. Mtu amekuja kutoka mbali." Tukatembea kidogo. "Lile fundo ulifunga wewe."

Hakuwa anauliza.

"Niliujua mkono wako ulipopita sikioni. Nikasema moyoni, aa, ni Shigela, basi nipo salama. Ikifika hatua ya kufungua, atafungua. Ijumaa uliposhika ile ncha nikajua ndiyo sasa." Akatafuta njia kwa mguu. "Hapa si ndipo penye mtaro? Niambie penye mtaro."

Nikamwambia.

*

Wiki iliyofuata Daktari Songoro aliazimwa kutoka kikundi cha ngoma kwa siku mbili, akapasua macho thelathini. Nikapewa tepe thelathini za rangi mbalimbali. Nilizifunga zote, kila moja kwa masikio yaliyosimama. Bi. Perpetua aliwakagua wagonjwa kwenye mabenchi uani, akaniambia mkono wangu umezidi kukomaa.

Kesho yake, asubuhi ambayo bandeji zilitakiwa kufunguliwa, taarifa ikaja kwamba mfadhili atachelewa juma moja. Bi. Perpetua na Mkurugenzi wakaingia ofisini kuandika barua ya kushukuru kwa taarifa hiyo. Askari akawafuata, kwa sababu ndani kulikuwa na chai.

Wa kwanza kwenye benchi alikuwa Mzee Kulwa, muuza nyama, utepe wa kijani. Nikainama sikioni kwake.

"Mzee, nyuma hapo kuna ncha mbili. Vuta ya kulia."

Akapapasa, akaipata. Akaishika. Kisha akaiachia, akarudisha mikono magotini.

"Mwenyewe amekuja?"

"Hajaja. Vuta, Mzee. Jicho litaoza."

"Tungoje kidogo, mwanangu. Kitu cha kupewa hiki. Tusije tukaonekana hatuna adabu."

"Kweli, tungoje," akasema mama wa utepe wa zambarau. Na benchi zima likaitikia tungoje, tungoje, vichwa thelathini na masikio yake vimeelekea getini.

Nikavuta mimi. Mzee Kulwa alipiga kelele, akajifunika uso kwa mikono, lakini nilikuwa nimeshamshika mama wa zambarau. Wengine walinisihi, mmoja aliniuma kidole. Nilivuta, nikasogea, nikavuta, na Daktari Songoro akatoka mbio nyuma yangu na chupa ya matone na njuga zake.

Nilifika wa kumi na tisa, askari akanidaka.

Kesi ilipoitwa, wale kumi na tisa hawakuonekana. Walikuwa wamejificha, wasije wakaulizwa wanaona kwa ruhusa ya nani. Waliokuja kutoa ushahidi ni kumi na mmoja waliobaki, wameshikana mabega kwa mstari, tepe zao machoni. Hakimu aliwauliza kama walimwona mshtakiwa akitenda kosa. Wakajibu kwa sauti moja kwamba walimwona.